Fumbo la Baba Boniphace

Nyegina,
8 Januari 1984

Kwako mkwe wangu Dorotea,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Wote tu wazima, isipokuwa kuku wa mama yako ambao kicheche amewaanza, na duka la kijiji ambalo limesahau kabisa chumvi inafananaje. Natumaini wewe na Boniphace mlifika Bunda bila kushuka kusukuma basi.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mlipoondoka baada ya Noeli nilichukua gazeti langu pale dirishani ili niendelee na fumbo la maneno, nikakuta mtu amelikata neno langu GOGOGO kwa mstari mdogo wa adabu, na juu yake ameandika MAKASI kwa penseli.

Nimefanya uchunguzi. Mama yako si yeye. Tangu alipojifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima anasoma Injili na barua zenu, lakini fumbo anasema ni kazi ya watu wasio na kuni za kukata. Boniphace tangu utoto akiona viboksi vyeupe na vyeusi anapiga miayo. Kwa hiyo nimebakiwa na mtuhumiwa mmoja tu, naye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Bunda.

Dokezo lilisema hivi: "Samaki wamevurugika, sasa wanakata kitambaa. Herufi sita." Mimi ni mtoto wa ziwa. Niliwapitia samaki wote niliowahi kuwala: sato, furu, ningu, mumi, nembe. Mwenye herufi sita nilimwona gogogo peke yake, na nikasema kweli, miiba yake inakata, vidole vyangu ni mashahidi. Basi nikaishi na zile O zangu tatu wiki nzima, na kila neno la kushuka likakwama hapo kama nyavu kwenye kisiki.

Usiogope, sikukasirika. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Niambie tu, ulifikaje kwenye makasi? Najua mimi na wewe hatukai mkeka mmoja tukabishana, adabu yetu hairuhusu. Lakini barua haina mkeka.

Baba mkwe wako,
Wenceslaus Masatu


Bunda,
30 Januari 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama pia nampa shikamoo yake. Sisi hatujambo. Boniphace yuko vijijini na lori la pamba, akirudi anarudi mweupe kichwa kizima, nami namwambia amezeeka njiani. Sukari tumeiona wiki iliyopita, kila mwalimu kikombe kimoja. Bahasha hii ni ile ya kwako, nimeigeuza ndani nje, naomba usinicheke.

Baba, ni mimi. Nilikuwa nimeinama pale dirishani nachambua mchele, gazeti likanitazama. Nilipoandika tu nikajuta, nikasema huyu mzee ataona mke wa mwanawe hana heshima. Nilitaka nifute, lakini mama akaniita jikoni.

Unauliza nilifikaje. Mimi kwetu ni Butiama, baba, tumekua na ng'ombe na mtama. Ukiniambia samaki, simwoni samaki yeyote, naona neno tu. Nikasoma "wamevurugika", nikajiuliza, kinachovurugwa hapa ni nini? Nikaivuruga yenyewe, S na A na M na A na K na I, kama mtu anayechanganya karanga kwenye ungo. Ikaja kisama, ikaja simaka, ndipo makasi ikatoka yenyewe, na makasi ndiyo yanakata kitambaa. Sikujua kama kuna sheria. Niliona tu mtunzi wa fumbo hakutaka samaki wetu, alitaka herufi zao.

Huku shuleni nikiwaambia walimu wenzangu wanacheka, wanasema hilo fumbo ni la kupotezea muda kwenye foleni. Nami naona wewe uliyelijaza peke yako miaka yote hiyo, bila hata mtu wa kukwambia umepata au umekosa, una moyo wa ajabu. Nifundishe.

Ni mimi mkweo,
Dorotea


Nyegina,
29 Aprili 1984

Mkwe wangu Dorotea,

Amani ya Pasaka iwe nanyi. Huku mvua imenyesha vizuri, mihogo imechangamka, barabara imekufa. Mimi nipo, ila macho yanaleta ukaidi. Herufi ndogo za gazeti zimeanza kutembea kama siafu.

Umeomba nikufundishe, na umenikuta. Nimefundisha watoto hesabu na Kiswahili mpaka nikastaafu, lakini somo hili sijawahi kulitoa kwa mtu yeyote, kwa hiyo vumilia.

Kila dokezo ni nyumba yenye milango miwili. Mlango mmoja unakwambia neno maana yake ni nini, kama kamusi. Mlango wa pili unakwambia namna ya kulipata kwa herufi: zivuruge, zigeuze, zitoe ndani ya neno lingine. Mtunzi mjanja anaificha hiyo milango, anaipaka rangi moja, ili wewe usome sentensi nzima kama habari ya kawaida. Mimi nilisoma habari ya samaki. Wewe uliona milango.

Chukua hili la wiki iliyopita: "Amani ikipinduliwa, shusha kichwa. Herufi tano." Mtu wa kawaida atawaza vita na watu wanaokimbia. Wewe chukua AMANI, isome kutoka mwisho kuja mwanzo. Umepata INAMA, na kuinama ndiko kushusha kichwa. Neno lote linatosha, hakuna herufi ya ziada wala iliyopungua. Jibu likiwa sahihi, milango yote miwili inakubali. Ukiona mmoja unakataa, hata kama jibu ni zuri namna gani, liache. Hiyo ndiyo sheria, na gogogo yangu iliivunja.

Sasa nikwambie kinachonikera. Gazeti hulitoa jina la mshindi wa kila fumbo, na zawadi ya katoni ya sabuni, ambayo siku hizi si jambo la kucheka. Lakini majibu lazima yafike kwa wakala wao Mwanza kabla ya Ijumaa. Penina, muuza magazeti wa mtaa wa Mukendo pale Musoma mjini, hunitunzia gazeti langu, ila likitoka Mwanza kuja Musoma, na kutoka Musoma kuja huku kwa baiskeli ya mtu, Ijumaa inakuwa imeshapita. Nimepatia mafumbo mengi mno, mkwe wangu, na yote yamefia hapa dirishani.

Sabuni siitaki sana. Nataka jina. Mama yako tangu nimuoe hajawahi kunitaja, na ndivyo ilivyo adabu, simlaumu. Wewe vilevile. Watoto wananiita baba, majirani wananiita Baba Boniphace. Walionijua kama Wenceslaus ni padre aliyenibatiza na vijana niliovua nao, na wengi wao wameshalala. Natamani nilione jina langu limepigwa chapa, mara moja tu, kabla macho haya hayajanifungia mlango.

Baba yako,
W. Masatu


Bunda,
19 Agosti 1984

Baba,

Shikamoo. Hali zetu ni njema. Kipindupindu kilipita mtaa wa pili lakini hapa hakikubisha hodi, tunamshukuru Mungu. Mama nimemwekea khanga, ataipata kwa Boniphace.

Kila Jumapili sasa nakaa na fumbo mezani. Barua yako nimeibandika kwenye jalada la kitabu cha maandalio, na darasa langu la sita nimewafundisha habari ya nyumba yenye milango miwili bila kuwaambia imetoka wapi. Walimu wale waliokuwa wakinicheka, sasa wakikwama wananifuata kwa vikombe vya chai mkononi. Mwalimu Skolastika amesema, "Huyo baba mkwe wako alikuwaga amejificha wapi siku zote?" Nikajisikia kama ni mimi nimesifiwa.

Nimejaribu kutunga moja kwa ajili yako. Usidharau: "Ndani ya mji wetu kuna agizo la mwalimu. Herufi nne." Ukilipata usiniambie, nataka nione kama ni gumu.

Nimewaza pia habari ya Ijumaa. Basi la Mwanza huleta gazeti kwetu kabla halijafika Musoma. Kama utaniruhusu, fumbo nitalijaza mimi, niwape watu wa basi lirudi nalo kwa wakala. Litakuwa lako, kwa sababu kila ninachojua ni chako.

Mkweo,
Dorotea


Nyegina,
24 Novemba 1985

Mwanangu Dorotea,

Salamu. Nisamehe kimya kirefu na mwandiko huu mkubwa kama wa mtoto wa chekechea. Barua zako zote zimefika, mama yako amenisomea, anasoma taratibu lakini hakosei.

Nimekwenda hospitali, nikakaa foleni na vipofu wenzangu watarajiwa. Daktari amesema ni presha ya macho. Amesema kilichokwisha kuondoka hakirudi, na kilichobaki kitaondoka kidogo kidogo. Aliniambia kwa upole mpaka nikamhurumia yeye.

Kwa sasa naona viboksi vyeusi na vyeupe, sioni kilichomo. Namba zote zimepotea. Nilikuwa nimekataa ombi lako kwa kiburi, nikisema moyoni nitapeleka mwenyewe, la sivyo yaishe. Sasa nakubali. Jaza wewe, peleka kwa jina langu. Nakuamini kuliko ninavyojiamini. Ulipowakataa samaki wote wa ziwa na kuchukua herufi zao tu, nilijua wewe ni fundi kunizidi, nikanyamaza kwa sababu wazee tunapenda kusifiwa kwanza.

Ila fanya haraka. Nataka nilione jina kwa macho yangu, si kwa kuambiwa.

Lile fumbo lako la herufi nne bado linanishinda. Au nasema uongo.

Baba yako,
Wenceslaus


Bunda,
2 Machi 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nina habari mbili, na zote mbili ni habari moja.

Umeshinda.

Nakueleza ilivyokuwa. Gazeti lilipofika nilijaza fumbo lote isipokuwa neno moja la herufi tatu: "Hata aliye taabani ana mwanga ndani yake." Nilisoma kama habari ya mgonjwa, nikawaza roho, nikawaza moyo, hakuna kinachoingia. Basi lilikuwa limeshafika stendi. Nikaenda na karatasi mkononi, nikikumbuka ulivyosema, tafuta milango. Nikalitazama lile TAABANI lenyewe, nikaona mwanga umekaa pale mwanzoni mwake, TAA, wala haukuwa umejificha. Nikakufikiria wewe na macho yako, nikalia pale stendi watu wakadhani nimefiwa.

Kondakta, anaitwa Makongoro, akapiga bodi la basi: "Mwalimu, sisi tunaondokaga saa hii hii!" Palikuwa pamebaki sehemu ya chini imeandikwa "Jina kamili la mshiriki". Baba, mkono wangu ukaandika kile ambacho huandika juu ya kila bahasha ninayokuletea. Nikampa, basi likashika njia ya Lamadi. Lilipopotea vumbini ndipo nikajua nilichoandika.

Tangu siku hiyo nikawa naomba tusishinde. Mtu gani anajaza fumbo kisha anaomba akose! Lakini gazeti la Jumapili hii limetoa, ninakuwekea kipande chake humu ndani. Kimeandikwa: "Mshindi wetu ni Ndugu Baba Boniphace, Nyegina, Musoma."

Boniphace amenigombeza, anasema hata mwanafunzi wa darasa la tatu angekuandikia lile jina. Ni kweli. Ningeweza kumpa Makongoro mwenyewe aandike. Haikunijia. Mimi nimelelewa na bibi ambaye ukitamka jina la mkwe mbele yake anakutemesha mate chini, na mkono wangu umekua hivyo hivyo.

Nimewaandikia wahariri waombe radhi na kusahihisha. Hawajanijibu. Ulichotaka kilikuwa kitu kimoja, baba, na mimi nimekiharibu kwa kukuheshimu. Sijui niseme nini zaidi.

Mkweo,
Dorotea


Bunda,
20 Aprili 1986

Baba, shikamoo.

Nimengoja jibu, halijaja. Watu waliopita huko wanasema mko salama, basi najua si ugonjwa. Mapazia ya mitumba yamejaa sokoni kwetu siku hizi, kila kitu kimeanza kuonekana tena, ila barua yako tu ndiyo haionekani.

Kama umenikasirikia una haki. Lakini nigombeze, baba, usininyamazie. Fumbo la Jumapili sijaligusa tangu Machi. Nikilifungua naliona jina ambalo halipo.

Dorotea wako


Nyegina,
11 Mei 1986

Mwanangu Dorotea,

Mwandiko huu ni wa mama yako Eufrasia. Mimi nimekaa kando yake nasema, yeye anaandika, na anaandika kama anavyopanda mihogo, shina moja, anapumzika, shina la pili. Ndiyo sababu barua imechelewa. Tuliianza siku nyingi, na katikati tumepalilia, tumevuna karanga, tumezika jirani. Anakusalimu sana, anasema khanga imemkaa.

Kwanza niseme ukweli. Kipande cha gazeti kilipofika, macho yangu yalikuwa yamebakiwa na mwanga wa dirisha tu, basi. Nikamwita mama yako, akafuta mikono, akakipeleka mlangoni penye jua. Akasoma: "Mshindi wetu ni Ndugu Baba Boniphace, Nyegina, Musoma." Akasoma yote, bila kukwama hata mahali pamoja, na sauti ikapanda mwishoni. Kisha akapiga vigelegele peke yake pale mlangoni.

Mimi nilinuna. Nisikufiche, nilinuna sana. Nilikwenda kwa jirani yetu Alfonce nikamlalamikia, nikawalalamikia watu kanisani, nikasema nimeshinda na sikushinda. Sabuni ililetwa nikawaambia wapeleke nusu misheni, siitaki machoni pangu, jambo ambalo mama yako alisema halina maana kwa mtu asiyeona. Tena sabuni zenyewe zimejaa Mukendo sasa, hata mtoto anaziuza.

Siku moja tumekaa anamenya maharage, nikamwuliza, "Hivi wewe, kama gazeti lingeandika jina langu lile la ubatizo, ungelisomaje?"

Akaendelea kumenya. Akasema, "Mimi sisemagi hilo jina, unajua. Ningesoma 'Mshindi wetu ni Ndugu', halafu ningenyamaza. Ungeenda kumwita Alfonce akumalizie."

Dorotea, nilikaa na neno hilo mpaka maharage yakaiva. Nilitaka nilione jina kwa macho yangu, na macho yamekwisha kabla ya gazeti kufika. Sasa kila neno linalonifikia linapita kinywani mwa mama yako. Kama mkono wako ungefanya nilivyoutuma, siku ile mlangoni angefika penye jina akanyamaza, na furaha yangu ningekwenda kuiomba kwa jirani. Alfonce angelitamka mara moja, akarudi kwa ng'ombe zake. Wewe uliliandika jina ambalo mke wangu anaweza kulisema. Hukuwaza, najua, lakini mkono wako ulikuwa na akili kutuzidi sote. Ananisomea kile kipande kila jioni bila kuombwa, na kila anapofika penye jina anavuta pumzi kwanza, kama mtu anayekwenda kumtangaza mtu mkubwa. Sijawahi kuitwa hivyo maishani mwangu.

Wahariri waambie waache, wasisahihishe kitu.

Jambo lingine. Siku hizi ananisomea madokezo ya fumbo. Alianza kwa kununa, akisema ninamlia muda wa kukata kuni. Juzi nikamsomesha lile la kwako, nilikuwa nimelipata siku ile ile ulipolileta ila nilitaka ujisikie fundi. "Ndani ya mji wetu kuna agizo la mwalimu." Akaangua kicheko, akasema, "Si ni SOMA? Imo ndani ya Musoma! Mwalimu wetu wa kisomo alikuwaga hasemi kingine!" Ameshika fimbo sasa, ananitangulia. Kwa hiyo rudi kwenye fumbo lako Jumapili hii, usituache na deni la majibu. Tunabishana huku, tunahitaji mwamuzi.

Najivunia wewe, mwanangu. Nilitaka niliandike hilo kwa mkono wangu, lakini mkono huu wa mama yako unatosha.

Nimemwambia aweke jina langu hapa chini, Wenceslaus Masatu, kama barua zote. Amekataa kata kata. Anacheka tu. Basi anaandika analolijua,

Baba Boniphace